Plaiwudi ya kukaa nje: praima tupu, fila, au epoksi?

Chukua kipande cha plaiwudi kilichobaki kazini. Kilaze, udondoshe tone moja la maji usoni. Kisha kisimamishe, udondoshe tone jingine juu ya ukingo uliokatwa kwa msumeno. Lile la usoni litakaa limevimba kama jicho la samaki, uende na urudi ulikute. La ukingoni utaliona likizama mbele yako, na baada ya muda mfupi ukingo utakuwa na mistari: tabaka moja limekolea maji, linalofuata bado, la tatu limekolea tena.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wanaotaka kupaka plaiwudi ya nje huja na swali moja tu: nifanyeje iwe laini kama bodi ya gari? Swali ni halali, lakini ulaini ndio sehemu rahisi. Njia zote tatu ninazozilinganisha hapa, yaani praima tupu (rangi ya kwanza ya kushikisha), fila (rojo la kujazia) na epoksi (kimiminika cha makopo mawili kinachochanganywa na kuganda kigumu), zitakupa uso laini wiki ya kwanza. Zinaachana baada ya mvua za msimu mmoja na jua linalofuata.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Bango langu la kwanza la nje nililipaka puti ya ukutani uso mzima, nikalipiga msasa mpaka likateleza mkononi, nikamalizia na rangi ya mafuta inayong'aa. Lilipendeza kweli. Mvua zilipokuja, upande wa chini ukaanza kuvimba. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, rangi ilikatika kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake puti ilikuwa imerudi kuwa uji. Kumbe nilikuwa nimejenga ukuta wa chaki juu ya mbao na kuufunika kwa karatasi.

Ugomvi ulioko ndani ya ubao

Huwezi kuchagua njia kabla ya kujua plaiwudi inataka kufanya nini ikiwa juani. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu likamenywa kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Utando unaotoka ulikuwa umejikunja kufuata mviringo wa gogo. Ukinyooshwa uwe bapa, upande wake mmoja huchanika nyufa ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Kisha tabaka hizo hugundishwa kwa kupishana, nyuzi za moja zikikatiza za nyingine.

Mti ukinywa maji hutanuka kukatiza nyuzi zake, si kwa urefu wake. Kwa hiyo tabaka la juu likilowa linataka kutanuka upande ambao tabaka la chini yake halitaki kwenda. Likikauka, linataka kusinyaa, nalo linazuiwa vilevile. Fanya hivyo kila siku, umande asubuhi na jua mchana, na zile nyufa za tangu kiwandani zinafunguka. Baada ya miezi kadhaa unaona mistari myembamba kama ya penseli ikifuata nyuzi, ikipenya rangi. Miti laini yenye nyuzi pana, kama misonobari, huonyesha mapema zaidi. Okume na miti mingine yenye nyuzi zilizoshikana huchelewa, lakini haikwepi.

Hapo ndipo kipimo changu kinapotoka. Chochote unachopaka juu ya plaiwudi ya nje lazima kifanye kazi moja kati ya mbili: ama kinyumbuke pamoja na ubao unapocheza, ama kiushike na kuufungia maji nje kiasi kwamba hauchezi. Kisichofanya lolote kati ya hayo kitapasuka, hata kama kilikuwa laini kama kioo siku ya kwanza.

Ubao wenyewe, kwa haraka

Ukinunua ubao mbaya hakuna maandalizi yatakayouokoa, kwa hiyo maneno machache. Tafuta uliogundishwa kwa gundi isiyoachia kwa maji. Wengi huitambua kwa herufi WBP, kifupi cha Kiingereza cha gundi inayostahimili hali ya hewa na kuchemshwa, na kwa mfumo wa Ulaya wa EN 314 ni daraja la 3. Plaiwudi ya ndani ya nyumba, hata uipake nini, tabaka zake zitaachana kama kurasa za daftari lililolowa.

Plaiwudi ya marini halisi, ile ya kutengenezea boti yenye muhuri wa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, haina gundi ya miujiza. Gundi yake ni ya aina ileile inayotumika kwenye plaiwudi nzuri ya nje. Unacholipia ni tabaka safi zisizo na mashimo ndani, na hilo ni jambo kubwa, maana shimo la ndani likikatwa na msumeno linakuwa birika la maji ukingoni. Ila usidanganyike kwamba haiozi. Kwa kawaida haijatiwa dawa ya kuzuia ukungu, na ikikaa na maji itaoza kama mbao nyingine.

Usiichanganye na ile ya kahawia au nyeusi inayong'aa, ya kumwagia zege, ambayo wauzaji wengi nao huiita marini. Ule utando wake umewekwa ili zege isishike. Rangi nayo haitashika.

Kuna aina moja ambayo, ukiipata, nusu ya makala hii haikuhusu: plaiwudi iliyobandikwa usoni karatasi iliyolowekwa gundi ngumu, inayotumika kwenye mabango ya barabarani. Ile karatasi haina nyuzi za kupasuka na inashika rangi vizuri. Unaikwaruza kidogo kwa msasa, unapiga praima, basi. Kingo zake tu ndizo zinabaki na tabia ileile ya kunywa.

Njia ya kwanza: praima na msasa, basi

Hii ndiyo ya bei ndogo, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Unapiga msasa namba 120, kisha 180 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), na unaishia hapo. Ukienda 320 kwenye mbao tupu unaung'arisha uso mpaka praima inakosa pa kushika. Pia tabaka la juu la plaiwudi nyingi za siku hizi halifiki hata milimita moja. Mashine ya msasa ikitulia mahali pamoja sekunde chache utaona rangi ya tabaka la pili ikichungulia, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Futa vumbi, piga praima ya nje mkono wa kwanza. Ikikauka, pitisha kiganja: utahisi uso umekuwa na vinyweleo kama kidevu cha siku mbili. Ni nyuzi zilizosimama baada ya kulowa. Usishtuke, na usiweke mkono wa pili juu yake. Pitisha msasa 180 au 220 kwa mkono mwepesi, futa, ndipo upige wa pili. Kingo zipige mara tatu au nne. Malizia na mikono miwili ya rangi ya juu.

Praima ipi? Ya mafuta ina utamu wake. Haisimamishi vinyweleo sana, ikikauka inasagika kwa msasa kuwa unga mzuri, na inazuia madoa ya rangi ya mti na utomvu wa vifundo. Ubaya wake ni kwamba rangi ya mafuta haiachi kukauka. Mwaka baada ya mwaka inazidi kuwa ngumu, na siku moja haiwezi tena kufuata ubao unapotanuka. Praima ya maji ya akriliki husumbua zaidi kwenye msasa, hujikunja kunja kwenye karatasi kama mpira, lakini inabaki na unyumbufu kwa miaka na inaruhusu mvuke ulioko ndani ya ubao kutoka polepole badala ya kuusukuma utando uvimbe.

Nikiulizwa nichague, usoni naweka akriliki kuanzia chini hadi juu. Mti wenye utomvu mwingi naukubalia mkono mmoja wa praima ya mafuta chini, mradi juu yake ije akriliki. Rangi ya mafuta kama rangi ya mwisho kwenye plaiwudi inayopigwa na jua, hapana. Ndiyo inayopasuka mapema na kutoka magamba.

Kwa njia hii utapata uso gani? Safi, lakini si kioo. Ukiinama ukautazama kwa mwanga wa pembeni bado utaona kivuli cha nyuzi. Kwa mtu aliyesimama hatua tatu, hakuna kitu. Na hapa kuna faida ambayo fundi haitaji kwa mteja: mistari ya nyufa ikianza kutokea baada ya miaka miwili mitatu, unapitisha msasa, unapiga mkono mmoja wa praima na mmoja wa rangi, na kazi inarudi mpya. Njia nyingine mbili hazikarabatiki kirahisi hivyo.

Njia ya pili: fila uso mzima

Wahenga walisema lila na fila havitangamani. Fila hii ya mafundi nayo ina visa vyake, kwa sababu jina ni moja na vitu ni vingi.

Puti ya ukutani nimeshaisimulia. Nyingi zimetengenezwa kwa jasi au chaki, zinarudi kuwa uji zikilowa. Nje, kwenye mbao, haina kazi hata ikiwa imefunikwa na rangi mikono mitano. Fila ya maji ya maseremala ni afadhali kidogo kama kopo limeandikwa ya nje, lakini husinyaa ikikauka, kwa hiyo shimo la skrubu utalijaza mara mbili. Na ile mbinu ya vumbi la msumeno na gundi nyeupe ya kawaida iache ndani ya nyumba, maana gundi hiyo hulainika ikikaa na maji.

Inayobaki ni fila ya magari, ile ya makopo mawili: mkebe wa rojo na tyubu ndogo ya dawa ya kugandisha. Hii mafundi wengi huiapia, na naelewa kwa nini. Dawa kiasi cha asilimia 2 hivi ya uzito wa rojo, unachanganya kwenye kibao mpaka rangi iwe moja bila michirizi, unapaka, na ndani ya dakika chache imeshika. Nusu saa baadaye unapiga msasa. Hakuna kingine kinachokupa uso bapa kwa haraka namna hiyo. Siku ya joto unaharakishwa mpaka unatupa nusu ya ulichochanganya, hivyo changanya kidogo kidogo.

Lakini ipime kwa kile kipimo. Inanyumbuka? Hapana, ni ngumu kama mfupa. Inaushika ubao usicheze? Hapana tena, imekaa juu tu kama siagi juu ya mkate, haikupenya. Na ina unga mwingi ndani yake unaonyonya unyevu. Kwa hiyo ukiisambaza uso mzima kwenye ubao wa nje, ubao utacheza chini yake, fila itakataa, na mpasuko utatokea kwenye fila badala ya kwenye mti. Nimeona milango ambayo fila imetoka vipande vikubwa kama lipu ya ukuta wa zamani, mbao chini yake nzima kabisa.

Tumia fila ya magari pale inapofaa: juu ya vichwa vya skrubu vilivyozamishwa, kwenye mikwaruzo na mashimo madogo ya uso, na kwenye pengo dogo la ukingoni. Usiitumie kwenye maungio ya mbao mbili. Hapo lazima pacheze. Panahitaji dawa laini ya kuzibia maungio, inayonyumbuka na kupakika rangi. Mbao iwe kavu kweli. Fila juu ya ubao wenye unyevu inashika vumbi lake mwenyewe tu.

Njia ya tatu: epoksi

Epoksi ndiyo ya gharama na ya usumbufu, na ndiyo pekee inayofanya ile kazi ya pili, ya kuufungia ubao maji nje. Inaingia kwenye nyuzi kabla haijaganda, hasa ukingoni ambako inanyonywa kama lile tone la maji. Hapo ndipo thamani yake yote ilipo.

Vipimo vyake havina mazungumzo. Kopo likisema mbili kwa moja, yaani sehemu mbili za epoksi kwa moja ya dawa ya kugandisha, ni mbili kwa moja. Kuongeza dawa ili ikauke haraka hakuiharakishi. Kunaiharibu, ikabaki nata milele. Ukishachanganya, imwage kwenye sinia pana, usiiache kwenye kikopo kirefu: inajipasha moto yenyewe mpaka kikopo cha plastiki kikunje na moshi utoke. Nimekishika kimoja kikiwa hivyo. Sirudii.

Ipake jioni, wakati joto linashuka. Hewa iliyoko ndani ya mbao hutanuka joto linapopanda, na ukipaka asubuhi itatoka kupitia epoksi mbichi na kukuachia vijishimo kama vya ngozi yenye harara. Joto likishuka, hewa husinyaa na kuivuta epoksi ndani. Kingo zipake, subiri zinywe, rudia kabla haijakauka kabisa, bado ikiwa nata kidogo, mara mbili au tatu mpaka ziache kunywa. Wengine huichanganya na thina ili ipenye zaidi. Inapenya, ni kweli, lakini thina ikitoka inaacha vinjia, na kinga dhidi ya maji inapungua.

Ikishakomaa utakuta juu yake utando kama nta, hasa siku za unyevunyevu. Huo unaoshwa kwa maji na kisugulio cha vyombo kabla ya msasa. Ukianza na msasa unaupaka ndani, na rangi yako itakuja kutoka kama ngozi ya nyoka. Baada ya kuosha na kukausha, msasa 180 mpaka mng'ao wote ufe, kisha praima. Jaribu praima yako kwenye kona kwanza, kwa sababu baadhi hukataa kukauka juu ya epoksi. Fila ya magari nayo juu ya epoksi ambayo haijakomaa huweza kubaki laini bila kuganda. Wala usiiache epoksi tupu juani ukidhani imeshakuwa vanishi. Jua linaigeuza njano kisha unga.

Je, epoksi tupu usoni inazuia nyufa? Inazichelewesha. Kama uso unalala juani, mfano meza au paa la kibanda cha mbwa, ninachokiamini ni epoksi pamoja na kitambaa chepesi cha faibaglasi, cha kama gramu 130 hadi 200 kwa mita ya mraba, kilichotandazwa na kulowekwa mpaka kionekane kama hakipo. Mafundi wa boti wanafanya hivyo, nao wanajua maji. Kitambaa kinashika nyuzi zisiachane. Kisha unaujaza msuko wake epoksi mpaka upotee, msasa, na huo sasa ndio uso wa bodi ya gari uliokuwa unautaka.

Gharama yake? Inaweza kuzidi ubao wenyewe. Na ina kasoro moja nisiyopenda kuificha: maji yakipata tundu moja la kuingilia, labda skrubu iliyopigwa baadaye, yanafungiwa ndani. Ubao uliofungwa pande zote ukiwa na maji ndani unaoza kimya kimya huku rangi inang'aa. Kila tundu la skrubu litoboe kubwa kuliko inavyohitajika, lijaze epoksi, likishaganda utoboe tena katikati yake. Vaa glavu kila mara. Kuna watu ngozi yao huanza kuikataa epoksi baada ya miaka ya kuishika mikono mitupu, na ikishaanza kukataa haisamehi.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Bango au ubao uliosimama wima, unaokauka haraka: praima ya akriliki usoni, fila ya magari kwenye vichwa vya skrubu tu, na epoksi kingoni. Mchanganyiko huu ndio ninaoufanya mara nyingi. Epoksi ya kingo ni kidogo mno, gharama yake huioni, na umeziba pale maji yanapoingia kweli. Kama epoksi haipatikani kabisa, zipige kingo praima iliyolegezwa kidogo mkono wa kwanza, kisha mikono mitatu ya kawaida.

Mlango au kabati la nje ambalo mteja atalitazama kwa karibu na anataka kioo: epoksi pande zote, kisha praima nzito ya kujaza na msasa wa maji 320 kati ya mikono. Kitambaa kama jua linaupiga mchana kutwa. Kitu cha kulala bapa nje: kitambaa, bila mjadala, au ubadilishe mchoro uwe na mteremko.

Kitu cha msimu mmoja, cha sherehe au maonyesho? Praima tupu. Hata usisome zaidi.

Fila uso mzima siipendekezi kwa yeyote, isipokuwa ubao utakaokaa chini ya kibaraza usionyeshewe wala kupigwa na jua.

Mambo matatu hayabadiliki kwa njia yoyote. Kingo zenye ncha kali zizungushe kwa msasa, kama mviringo wa milimita 3, kwa sababu rangi mbichi hujivuta na kukimbia ncha, ikabaki nyembamba palepale panapogongwa zaidi. Upande wa nyuma upate mikono ileile ya upande wa mbele, hata kama hakuna atakayeuona. Vinginevyo upande mmoja utakunywa unyevu na mwingine hautakunywa, na ubao utajikunja kama ganda la dafu. Na ukingo wa chini usiguse ardhi wala sakafu. Uache wazi, maji yarukayo kwenye mvua yasiufikie.

Kuhusu rangi ya mwisho, ukiwa umeshafika hapo: nyeusi na bluu iliyokolea hupasha ubao joto kuliko nyeupe, na ubao wa moto hucheza zaidi. Inayong'aa sana huonyesha kila kosa la msasa wako, ya nusu mng'ao husamehe. Kabla hujafungua kopo hilo, subiri giza liingie, washa tochi, ilaze sambamba na uso wa ubao ulioshapigwa praima, uitembeze polepole. Kila kovu litatupa kivuli. Lizungushie kwa penseli, na kesho uanze na hayo.